Nani Anayetazama Mafuta Mekundu?

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo



Mwezi huu siwaandikii habari za mbolea wala za mbegu za viazi. Nataka kuwauliza swali moja, na yafaa kila mmoja alijibu moyoni mwake kabla ya kuendelea kusoma. Vikundi vingi vya skimu zetu vina gari la kupeleka maziwa na mazao. Ikiwa gari lenu ni la gia za otomatiki, ni nani kati yenu ambaye kazi yake ni kuyatazama mafuta ya giaboksi? Usiniambie kwamba ni dereva, wala kwamba ni fundi. Nitajie jina la mtu mmoja, na siku ya juma anayoyatazama.

Ikiwa huna jina la kutaja, basi maneno haya ni yako. Nayaandika kwa kuwa sisi wenyewe hatukuwa na jina la kutaja, na jambo hilo lilitugharimu sana.

Yaliyotupata

Kwetu ni Kinangop, katika skimu iliyogawanywa wakati wa mpango wa Eka Milioni ulioanza mwaka 1962. Babu zetu walipewa mashamba, na sisi wajukuu twakama ng'ombe katika mashamba yale yale. Kikundi chetu cha maziwa kina jamaa kumi na nne. Tulichanga fedha tukanunua pikapu ya Kijapani iliyokwisha kutumika, yenye gia za otomatiki.

Mimi ndimi katibu. Nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisini, na hata leo wenzangu huniita Mwalimu. Kwa hiyo vitabu vyote huwekwa mikononi mwangu. Nilikuwa na kitabu cha maziwa, na kitabu cha petroli, na kitabu cha faini za wachelewaji. Kila lita ya petroli ilikuwa na mstari wake. Mafuta ya giaboksi hayakuwa na mstari hata mmoja. Aliyetuuzia gari alisema kwamba mafuta yale ni ya maisha, hayabadilishwi kamwe. Nami niliyasimama mkutanoni nikayarudia maneno hayo, kana kwamba nimeyasoma kitabuni.

Asubuhi moja ya baridi dereva wetu alimwambia mwenyekiti, "Mzee, siku hizi gari linakawia kushika gia. Natia gia, nahesabu mpaka tatu, ndipo linaondoka."

Mwenyekiti akamjibu, "Kijana, maziwa hayangoji. Peleka kwanza, tutalitazama juma lijalo."

Nilikuwapo nikisikia, na sikuandika neno. Juma lililofuata tulikuwa na mambo mengine, na la baada yake vivyo hivyo.

Kisha ikafika Alhamisi ambayo pikapu ilitoka Naivasha na magunia ya chakula cha ng'ombe. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,890 juu ya bahari, na sehemu kubwa ya Kinangop iko juu ya mita 2,400. Basi wajua mwenyewe kilima kile kilivyo. Katikati ya kilima injini ilinguruma kwa nguvu, lakini gari likasimama pale pale. Tukaenda na trekta ya jirani, tukalifunga mnyororo, tukalivuta kilomita tisa magurudumu yote yakiwa chini. Baadaye fundi alitueleza kwamba hata kulivuta kwetu kulikuwa kosa, na sababu yake nitaieleza hapa chini.

Fundi alipofungua giaboksi, mafuta yaliyotoka yalikuwa machache, meusi, na yenye harufu ya chakula kilichoungua chunguni. Alitafuta chanzo, akakiona: mpira mdogo wa kupitishia mafuta karibu na rejeta ulikuwa umelegea klipu yake, na kwa miezi mingi mafuta yalikuwa yakidondoka tone moja moja. Klipu ile bei yake haizidi kikombe cha chai na andazi. Kuitengeneza giaboksi kulitaka thamani ya ng'ombe mmoja mzuri wa maziwa. Kila jamaa ilitakiwa kutoa fungu lake mara moja. Mama mmoja mjane, ambaye kwa maziwa hayo hulipa karo ya watoto wawili, aliuza mtamba wake ili atoe fungu hilo. Na siku zile za kungoja tulipeleka maziwa kwa mkokoteni wa punda na kwa pikipiki. Mengine yalichelewa, yakachachuka, yakakataliwa.

Mkutano ulipoitwa, wengi walitaka dereva afukuzwe. Mimi nilikataa, na leo nakataa tena mbele yenu. Dereva alisema. Sisi ndio hatukusikia. Tena hakuna siku tuliyomwambia kwamba mafuta yale ni kazi yake, wala hatukumpa hata kitambaa cha kupangusia kijiti. Wahenga walisema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Gari letu lilikuwa na manahodha kumi na wanne, na hakuna hata mmoja aliyefungua boneti.

Kazi ya mafuta haya

Watu wengi hudhani mafuta ya gia ni ya kulainisha vyuma tu. Katika gari la klachi ya mguu dhana hiyo iko karibu na kweli. Katika gari la otomatiki sivyo. Hapo mafuta yenyewe ndiyo yanayobeba nguvu ya injini.

Kati ya injini na giaboksi kuna chombo cha mviringo kiitwacho konvata. Ndani yake mna magurudumu mawili yenye mapanga kama feni, yakitazamana, na kati yao ni mafuta. Injini huzungusha gurudumu la kwanza; hilo huyarusha mafuta; mafuta hulipiga la pili nalo huzunguka. Ni kama maji ya mto yanavyozungusha gurudumu la kinu cha unga. Maji yakipungua mtoni, kinu hakisagi, hata mwenye kinu akasirike namna gani.

Kazi ya pili ya mafuta hayo ni kukandamiza. Pampu huyasukuma kwa nguvu, nayo huzibana sahani za klachi zilizo ndani ili gia ishike. Mafuta yakiwa machache, pampu huvuta hewa, sahani hazibanwi sawasawa, huteleza na kuungua. Kule "kuhesabu mpaka tatu" alikokusema dereva wetu ndiko huko.

Kazi ya tatu ni kuchukua joto na kulipeleka kwenye rejeta likapozwe. Mafuta haya hupenda kufanya kazi karibu na sentigredi 80. Mafundi wana kanuni moja ya kukadiria: kila joto likipanda kwa sentigredi 11 hivi kupita hapo, umri wa mafuta hupungua kwa nusu. Basi fikiri juu ya pikapu yenye mzigo, katika kilima, kwa mwendo wa polepole, katika matope ya mwezi wa Aprili. Mafuta yake huzeeka upesi kuliko yale ya gari la mtu mmoja aendaye kazini juu ya lami.

Ndiyo maana sikubali tena neno la "mafuta ya maisha". Maisha ya nani? Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Kwa hiyo gari kama hilo huweza kufika Mombasa likiwa limekwisha kula miaka saba au minane, na likifika kwetu mashambani limepita mikononi mwa watu wawili au watatu. Hayo maisha ya mafuta yalihesabiwa kwa mwenye gari wa kwanza, wala hayakuhesabiwa kwa mkulima wa viazi.

Na sasa sababu ya kosa la trekta. Katika magari mengi ya otomatiki, pampu ya mafuta huzungushwa na injini. Injini ikizimwa, pampu husimama. Ukilivuta gari huku magurudumu yanayoendesha yakizunguka chini, vyuma vya giaboksi huzunguka pasipo mafuta. Yafaa magurudumu hayo yainuliwe, au gari lipakiwe juu ya gari jingine. Kwa sababu hiyo hiyo, gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa.

Jinsi ya kupima

Kazi hii haihitaji cheti. Yahitaji dakika chache, kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na kipande cha karatasi nyeupe.

Kwanza, tazama kitabu cha gari. Najua kwamba vitabu vingi vya magari haya vimeandikwa kwa Kijapani. Basi muulize fundi anayelijua gari hilo, kisha andika jibu kwenye karatasi uibandike ndani ya mlango. Namna ya kupima si moja kwa magari yote. Mengi hupimwa injini ikiwaka. Lakini Honda nyingi hupimwa injini ikiwa imezimwa. Na mengine ya siku hizi hayana kijiti kabisa. Hayo hupimwa na fundi kutoka chini.

Kwa magari yenye kijiti yanayopimwa injini ikiwaka, fuata hivi. Endesha gari kama dakika ishirini ili mafuta yapate joto. Liegeshe mahali tambarare na vuta breki ya mkono. Kanyaga breki ya mguu, kisha pitisha mkono wa gia katika kila nafasi, ukikaa kidogo katika kila moja, halafu rudisha kwenye alama ya P. Injini iache ikiwaka. Chomoa kijiti, kipanguse, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena, usome. Kwa kawaida kuna alama mbili za baridi na mbili za moto. Mafuta yenye joto husomwa katika alama za moto. Angalia mikono na nguo zako zisikaribie feni wala mikanda.

Yakiwa chini ya alama, ongeza kidogo kidogo kwa faneli safi, ukipima kila mara. Usipitishe alama ya juu. Mafuta yakizidi, vyuma vinavyozunguka huyapiga mpaka yakatoa povu kama maziwa yanayosukwa, na povu haliwezi kubana sahani. Basi kuzidisha na kupunguza vyote huishia mahali pamoja. Wala usiongeze tu ukaenda zako. Mafuta ya giaboksi hayachomeki kama petroli. Yakipungua, yamevuja mahali. Tandika katoni chini ya gari usiku, na asubuhi usome madoa yake. Doa jekundu huwa ni mafuta ya gia, au ya usukani, kwa maana magari mengi hutumia mafuta ya namna hiyo huko pia.

Baada ya kupima, dondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe. Jekundu na safi, vema. La kahawia, jihadhari: mafuta mengine hugeuka rangi mapema, lakini umri wake wafaa kuulizwa. Jeusi lenye harufu ya kuungua, mwite fundi leo, si kesho. La waridi lenye ukungu, mfano wa maziwa yaliyotiwa rangi, maana yake maji ya rejeta yameingia katika mafuta. Gari la namna hiyo lisiendeshwe hata mpaka sokoni, kwa sababu maji hubandua ngozi ya sahani za klachi.

Kubadilisha au kutobadilisha

Hapa pana ubishi mkubwa katika gereji zetu. Wako wasemao, "Mafuta ya zamani usiyaguse, ukiyabadilisha giaboksi itakufa." Nami nimewaona watu waliobadilisha, na baada ya juma giaboksi ikafa kweli. Lakini tuulize kama walimu: ilikuwa na hali gani kabla? Mara nyingi mwenye gari hungoja mpaka gia zinateleza, ndipo anakimbilia mafuta mapya. Sahani zilizokwisha kuungua hazirudishwi na mafuta, kama vile jino lililooza halirudishwi na mswaki. Giaboksi ilikuwa tayari imekufa, na mafuta mapya yakasingiziwa.

Maoni yangu ni haya. Ikiwa gia zashika vizuri na hujui mafuta yamekaa muda gani, yabadilishe kwa hatua. Ukifungua nati ya chini, hayatoki yote. Mengi hubaki ndani ya konvata, na yanayotoka huwa kama theluthi mpaka nusu. Pima yaliyotoka, rudisha kiasi hicho hicho cha mapya, endesha siku chache, kisha rudia. Hivyo giaboksi huzoea polepole. Sipendi mashine ya kusukuma mafuta kwa nguvu katika gari kuukuu. Fundi akiteremsha sampu, mwambie asafishe sumaku zilizomo na atazame filta. Unga mwembamba wa chuma juu ya sumaku ni wa kawaida. Vipande vya chuma si vya kawaida.

Baada ya hapo, kwa gari la mizigo na vilima, mimi sitapita kilomita 40,000 bila kubadilisha. Na kitabu cha gari kikitaja pungufu ya hapo, kitabu ndicho mwalimu.

Jambo la aina ya mafuta halina mchezo. Wekundu si kabila moja. Kuna Dexron, kuna ya Toyota yaitwayo T-IV, kuna WS, na mengineyo. Mara nyingi jina la mafuta limechapwa kwenye kijiti chenyewe. Magari mengine madogo ya siku hizi yana giaboksi ya mkanda iitwayo CVT, na mafuta yake ni tofauti kabisa. Ukitia Dexron humo umeiharibu. Nunua kwenye chupa yenye kifuniko kisichofunguliwa, na usikubali kupimiwa kutoka katika pipa lisilo na jina.

Na kwa kuwa natoka ofisi ya kilimo, niongeze neno moja. Mafuta yaliyotolewa yasimwagwe mferejini wala karibu na kisima, na chombo kilichoyachukua kisirudi kamwe kwenye maziwa. Yatie katika dumu lenye alama, uyapeleke gereji inayokusanya mafuta machafu.

Mlinzi mmoja

Sasa narudi kwenye swali langu la kwanza, maana maarifa haya yote ni bure pasipo mtu wa kuyatenda. Baada ya hasara yetu tulikata shauri la mambo matatu, na ningependa kila kikundi kiyafikirie.

La kwanza, tumemchagua mlinzi mmoja wa mafuta. Hatukuchagua kamati. Ni mtu mmoja, mwenye jina, na akisafiri humtaja wa kushika mahali pake. Kwetu ni binti wa jirani yangu, ambaye si dereva. Naye huchelewa kuamini maneno ya watu kuliko sisi sote, na hiyo ndiyo sifa tuliyoitafuta.

La pili, kuna kitabu. Kila Jumatatu huandika tarehe, kilomita, kimo cha mafuta kwenye kijiti, na rangi. Hubandika karatasi ya tone pembeni mwa mstari. Ukifunua kurasa waiona rangi inavyokwenda mwezi kwa mwezi, na kilichomponza dereva wetu, yaani neno la mdomo lililosahauliwa, hakiwezi kutokea tena.

La tatu ndilo zito, na ndilo lililoleta kelele mkutanoni. Mlinzi akisema gari halitoki, halitoki, hata kama madebe ya maziwa yamekwisha kupakiwa. Mzee mmoja aliuliza, "Na maziwa ya siku hiyo atayanywa nani?" Ni swali la haki, kwa kuwa maziwa hayangoji kweli. Lakini twende kwenye hesabu. Tukikodi pikipiki na mkokoteni asubuhi moja, twapoteza sehemu ya maziwa ya siku moja. Tulipokataa kusimama, tulipoteza maziwa ya siku nyingi na thamani ya ng'ombe, na mtamba wa mjane ukaenda mnadani. Mlinzi asiye na uwezo wa kusimamisha gari si mlinzi. Ni shahidi tu wa hasara.

Mwenyekiti wetu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua mkono kukubali. Alisema mbele ya watu wote kwamba dereva alimwambia naye hakusikiliza. Sijawahi kumheshimu kama siku ile. Nami nikasimama nikayakana maneno yangu ya "mafuta ya maisha". Dereva bado yuko kazini.

Gia za otomatiki si uchawi. Marekani waliziuza kwa watu wa kawaida tangu Oldsmobile za mwaka 1940, na tangu hapo zimehitaji jambo lile lile: mafuta safi, ya aina yake, kwa kimo chake. Ng'ombe wako humwangalia kila siku macho, kwato na kiwele, bila kungoja aanguke. Gari linalobeba maziwa yake lastahili kutazamwa mara moja kwa juma.

Basi, ndugu mkulima, Jumatatu ijayo fungua boneti. Na kabla ya Jumatatu, iteni mkutano mfupi mniandikie jina.